Manesi Waliolala kwa Sikio la Kulia

Mlioniacha mlangoni wiki iliyopita, njooni, bado nimesimama palepale.

Kwa aliyechelewa, nasema kwa kifupi. Mimi ni Kiberiti, jina alilonipa shangazi yangu kwa sababu nawaka haraka. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, hatujawahi kuelewana. Shangazi ana studio ya picha. Kuandika programu nilijifunza kwa kutazama video, kwa lugha ile ya kompyuta inayoitwa Java, na programu yangu ndiyo inayopokea picha na kuzipanga kwenye vitambulisho vya wateja.

Mpiga picha wetu ni binti tunayemwita Kidevu. Jina limetokana na kazi, maana kila anayekaa mbele ya kamera yake anaambiwa, "Kidevu juu kidogo." Nampenda. Mwenyewe sijawahi kumwambia. Kisha mtoto wa kiume wa shangazi, Digrii, akarudi kutoka chuo kikuu, mrefu, mpole, meno yamepangana kama ya tangazo la dawa ya meno.

Nikafungua mlango wa studio nikamkuta kwenye kiti changu. Kidevu pembeni yake. Mkono wa Digrii umelala kwenye mgongo wa kiti cha Kidevu.

Mgongo wa kiti, si wa Kidevu. Lakini mimi wakati ule sikuona tofauti.

Kwenye skrini, programu yangu. Wanaisoma. Na Kidevu anacheka.

"Mnacheka nini?"

"Ah, Kiberiti, karibu," Kidevu akasema. "Tunamcheka huyu baba."

Kulikuwa na kitambulisho cha dereva mmoja wa malori. Jina lake limesimama vizuri. Yeye mwenyewe, pale pichani, amelala kwa sikio la kushoto, kama mtu anayesikiliza sakafu.

"Hilo nalijua," nikasema.

"Tangu lini?" Digrii akauliza, kwa ule upole wake. Angekuwa mkali ningemweza.

"Tangu hujazaliwa."

"Mimi ni mkubwa kwako, kaka."

Kidevu akacheka tena. Miezi yote ile nimemtolea vichekesho vyangu vyote, vingine nimevitunga usiku kucha, anaishia kutabasamu. Huyu kasema ukweli tu, kachekewa.

"Toka kwenye kiti changu."

Akatoka. Hakubisha. Hata kunyanyuka kwake kuna adabu, utafikiri anampisha mama mjamzito.

"Na nisikilizeni wote wawili," nikasema. "Hii programu niliiandika mimi, peke yangu, wakati mmoja wenu yuko bwenini anafuliwa nguo, na mwingine hajui hata kompyuta inawashwa wapi. Sitaki mkono wa mtu humu ndani. Nimeeleweka?"

Kidevu aliacha kucheka.

"Umeeleweka," akasema. "Mwenye nyumba amesema."

Akachukua kamera akaenda nyuma ya pazia, kule tunakopigia picha. Digrii akamfuata.

Umeona akili yangu? Nimemfukuza kwenye kiti, nimempeleka mwenyewe nyuma ya pazia.

Kabla sijamaliza kukoroga hasira zangu, shangazi akaingia. Shangazi akiwa na furaha huvua viatu. Alivivua katikati ya studio, akavipiga teke chini ya meza.

"Wanangu, njooni hapa. Tumepata chuo cha manesi. Vitambulisho vya wanafunzi wote. Matroni mwenyewe atakuja kuvichukua." Akamgeukia Kidevu. "Na lile jambo lako nimemgusia. Amesema ataangalia kazi kwanza, ndipo aongee."

Jambo lenyewe sote tulilijua. Chuo kilikuwa kinatafuta mpiga picha wake wa kudumu, mwenye ofisi na mkataba. Kidevu aliitaka nafasi ile mpaka alikuwa anaiota mchana. Ukimkuta amesimama na kamera mkononi anaangalia ukuta, ujue yuko chuoni tayari, anapanga taa.

Na mimi? Mimi nilitaka aipate. Ila nilitaka aipate kupitia kwangu. Siku akipewa ageuke aniangalie, aseme, bila wewe nisingefika. Aniambie mimi, si mwingine. Hicho tu ndicho nilichokitaka duniani, na msione aibu kunicheka, na ninyi mnavyo vyenu.

"Kiberiti," shangazi akasema, "hakikisha hawa watoto wa watu hawalali."

"Hawatalala."

"Nakuambia mbele ya mashahidi. Yule mama hana mchezo."

"Shangazi, hawatalala."

Digrii akakohoa kidogo. "Naweza nikasaidia..."

"Saidia kufunga pazia."

Shangazi akanitazama, akamtazama mwanawe, akaenda kutafuta viatu vyake.

Sasa niwaeleze ugonjwa wenyewe, msije mkasema nawazungusha. Kamera ukiishika wima ili umpate mtu vizuri, yenyewe haigeuzi picha. Inaihifadhi ikiwa imelala vilevile, kisha inabandika alama ndogo ndani ya faili ambayo jicho halioni. Alama inasema: huyu alikuwa amesimama, mtakapomtoa mgeuzeni. Programu yangu ilikuwa haisomi alama. Inamchukua mtu alivyo, inambandika kwenye kitambulisho, inakwenda zake.

Dawa yake ilikuwa kuifundisha isome ile alama, kisha imgeuze mtu. Na ukimgeuza uangalie na fremu. Picha pana ukiisimamisha inakuwa ndefu, ukiiacha kwenye fremu ileile inakatwa utosi na miguu, kama unasimamisha kitanda kwenye chumba chenye dari fupi. Jaribio langu la kwanza lilimkata yule dereva kuanzia nyusi. La pili likamsukuma nje kabisa, ikabaki kona nyeusi na sikio.

Siku Kidevu alipomaliza kuwapiga picha manesi wote, mimi bado nilikuwa nahangaika, na sikula mchana. Digrii alikuja na chai, akaiweka mezani taratibu.

"Kitovu cha kugeuzia umekiweka wapi?" akaniuliza. "Ukigeuzia kwenye kona, mtu anatoka nje. Gawanya upana na urefu nusu kwa nusu, halafu..."

"Nimekuuliza?"

"Hapana."

"Chai chukua."

Akachukua chai akaondoka nayo. Nikagawanya nusu kwa nusu. Dereva akakaa katikati, amesimama wima, mzima kuanzia nywele mpaka tai. Na hilo likanichoma zaidi, kwamba jibu limetoka kwake.

Nikaita watu wote kama mtangazaji wa redio.

"Tayari. Njooni muone."

Wakaja. Dereva yuko kwenye skrini amesimama kama askari. Shangazi akapiga makofi. Kidevu akainama karibu na bega langu, nikasikia harufu ya sabuni yake, nikajua sasa nimefika.

"Umejaribu mpaka kwenye kadi?" akauliza.

"Kitu kikisimama hapa, na kule kinasimama."

"Jaribu moja tu, Kiberiti. Tafadhali. Jaribu na nesi."

Nikabonyeza. Mashine ya kadi ikanguruma, ikatema kadi ya kwanza ya chuo cha manesi, bado ina joto. Shangazi akaiokota, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

Jina la binti limesimama. Binti mwenyewe amelala. Safari hii kwa sikio la kulia.

"Huyu," Digrii akasema, "amegeuka usingizini."

Shangazi alijitahidi kujizuia, nilimwona, lakini kicheko kilimponyoka puani. Kidevu hakucheka. Aliichukua kadi, akaishika kwa mikono miwili, akawa anaigeuzageuza na uso umembadilika. Kisha akamtazama Digrii. Si mimi. Digrii.

"Kaka," Digrii akaanza, "tukae pamoja tuangalie, sote watatu. Pengine kuna mahali..."

"Pengine nini? Pengine mimi ni mjinga?"

"Sijasema hivyo."

"Basi usiseme. Nitaona mwenyewe."

Wakatawanyika. Mimi nikabaki na skrini. Mtu akisimama kwenye skrini na akalala kwenye kadi, maana yake amelazwa njiani. Nikafuata njia. Nikafungua folda ya uchapishaji, sehemu ambayo nilishasahau hata nilichokiandika humo, nikakuta faili nisilolijua. Jipya. Jina lake Simamisha.

Nikalifungua. Limeandikwa taratibu, mstari mfupi mfupi, kila mstari umepewa nafasi yake. Linachukua picha, linasoma alama ya kamera, linageuza.

Yaani mimi nageuza, halafu na lenyewe linageuza. Nimemwinua nesi kutoka sikio la kushoto, nikamkabidhi kwa mwenzangu amesimama, na mwenzangu akaona alama ileile bado imebandikwa, akadhani kalala, akamwinua tena. Akamwangusha upande wa pili.

Damu ikanipanda. Nilisema sitaki mkono wa mtu humu ndani, na Digrii kaingiza mkono mpaka bega.

Lakini suluhisho, wapendwa, lilikuwa mstari mmoja. Nikishamgeuza mtu, niifute alama. Basi. Lile faili la pili litafika, litakuta hakuna alama, litapita bila kumgusa. Nikauandika mstari. Nikajaribu kadi moja. Binti akatoka amesimama, anatabasamu, kidevu juu kidogo.

Nikainuka na kadi yangu mkononi. Nilikuwa nakwenda kumwonyesha Kidevu. Nawaapia, nilikuwa nakwenda kwa moyo mweupe kabisa. Nikafika kwenye pazia.

"Nikimwambia sasa ataharibu," sauti ya Kidevu.

"Si mbaya kiasi hicho," Digrii.

"Wewe humjui, mimi namjua. Ataanza kelele. Acha kazi ya Matroni ipite, nitamwambia mwenyewe. Nataka aone kwanza, ndipo asikie."

"Na mama?"

"Mama yako anajua. Amefurahi mpaka amenikumbatia."

"Basi mimi nanyamaza. Lakini wewe usijitese. Hulali, hebu jiangalie macho."

"Nitalala yakiisha haya. Asante kwa kunivumilia."

Kisha wakacheka, kile kicheko cha chini cha watu wenye siri yao.

Ninyi mngeelewa nini? Semeni kweli. Msichana anakosa usingizi, mama mkwe kamkumbatia, na mimi ndiye wa kuambiwa mwisho ili nisipige kelele.

Nilirudi kwenye kiti changu. Kadi nzuri ile nikaivunja vipande viwili, nikaitupa. Nikautazama ule mstari wangu mmoja. Kwenye Java, mstari usioutaka huna haja ya kuufuta. Unaweka vijistari viwili vya mshazari mbele yake, na kompyuta inaupita kama haiuoni. Upo, lakini haupo.

Nikaweka kijistari. Nikaweka cha pili.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Kadi zote zitatoka zimelala. Matroni atawaka. Mimi nitasimama mbele ya Kidevu na mama mkwe wake, nitafungua faili la Digrii, nitasema: tazameni msomi wenu alivyotufanyia. Kisha nitaondoa vile vijistari viwili, manesi watainuka, na Kidevu atajua nani mwanamume humu ndani.

Asubuhi yake nikachapa zote. Mashine inatema manesi mmoja baada ya mwingine, wote kwa sikio la kulia, mimi nazipanga kwenye boksi kifudifudi.

Shangazi akapita na ufagio. "Umeziangalia?"

"Programu imepitiwa na mwanao mwenye digrii, shangazi. Mimi nani tena?"

Akasita. Akaniangalia kwa muda. Lakini gari lilikuwa limeshasimama nje.

Matroni alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu visivyotoa sauti. Alimsalimia shangazi, akampa Kidevu mkono, akashika mkono ule akamwambia, "Wewe ndiye niliyeambiwa habari zako." Kidevu alikuwa amevaa gauni ambalo sijawahi kuliona. Kwa ajili ya Digrii, nikajiambia.

Matroni akafungua boksi. Akainua kadi ya kwanza. Akainua ya pili. Akazishika kadhaa kama karata, akazipeleka upande huu, akazipeleka upande ule.

"Naomba kuuliza," akasema. "Hawa ni manesi au ni wagonjwa?"

Akamsogezea shangazi boksi.

"Maana naona wodi nzima imelala."

Kidevu akanyoosha mkono akachukua kadi moja. Nilikuwa nimeusubiri uso ule ugeuke kwa hasira kuelekea kwa Digrii. Haukugeuka. Ulishuka tu, kama pazia linaposhushwa.

Wakati wangu ulikuwa umefika.

"Mama Matroni, mimi ndiye mwenye programu hii," nikasema, nimetanua kifua. "Na programu yangu ni nzima. Kuna mtu aliingiza faili lake humo bila ruhusa. Linaitwa Simamisha, na kazi yake ni kulaza. Mwenyewe yuko hapa, na amesoma." Nikamnyooshea Digrii kidole. "Mwulizeni."

Digrii alimtazama Kidevu.

"Sema basi," nikamwambia. "Si una maneno?"

"Si lake," Kidevu akasema.

"Usimfiche."

"Kiberiti, si lake. Ni langu."

Nikacheka. Nilidhani anamfunika.

"Wewe utaandikaje Java?"

"Taratibu," akasema. "Kwa kufundishwa kila jioni mkiwa mmeondoka. Chuo hakitaki mpiga picha tu. Wanataka mtu anayeweza kupiga na kuzitengeneza kadi mwenyewe. Mama alinidokeza." Akamwonyesha shangazi kwa kichwa, na shangazi akaitikia. "Nilikuja kwako kwanza, Kiberiti. Unakumbuka ulinijibu nini? Uliniambia, shika kamera yako. Ndipo nikamwomba Digrii. Ukasema tusiguse faili lako, hatukuligusa hata herufi. Nikaandika la kwangu pembeni, yeye akanionyesha pa kulichomeka. Kitu cha kwanza kuandika maishani mwangu. Nilitaka ukione kikifanya kazi, ndipo nikwambie ni changu."

Ile siri ya nyuma ya pazia. Kuvumiliwa. Kukosa usingizi. Kukumbatiwa na shangazi.

"Sasa kimefanya kazi," Kidevu akasema, akairudisha kadi kwenye boksi. "Mama Matroni, samahani sana. Kosa ni langu. Nilijaribu kazi nisiyoiweza."

"Angalau umesema," Matroni akajibu. Akaanza kufunika boksi. "Nilitaka mtu wa kuniondolea matatizo, mwanangu, sasa haya ndiyo matatizo yenyewe. Ukiwa tayari siku moja, utanitafuta."

Hapo nilitakiwa kusema. Neno moja tu. Nikalimeza, ili mjue hamsomi habari za mtu mwema.

"Mama Matroni, nipe dakika," Digrii akasema. "Kabla hujafunga. Faili lake nililipitia mimi, na lilikuwa zima. Naomba nitazame."

"Tazama upesi."

Akakaa kwenye kiti changu. Safari hii hakuniomba, na mimi sikuwa na mdomo wa kumkataza. Akafungua faili la Kidevu, akalishuka lote. Zima. Akafungua la kwangu. Akawa anashuka, anashuka, kidole kwenye mausi. Kikasimama.

Mstari wangu ulikuwepo pale. Futa alama. Mbele yake vijistari viwili vya mshazari, vimeinama kama watu wawili wanaochungulia.

Niliona mgongo wake ukinyooka. Hakugeuka kunitazama. Akavuta pumzi, na kidole chake kikaanza kushuka tena, haraka, akaupita mstari ule kama hajauona.

"Rudisha juu," Kidevu akasema.

Alikuwa amekuja nyuma ya kiti, hatukumsikia.

"Hakuna kitu," Digrii akasema.

"Rudisha. Kuna kitu umekiruka."

"Kidevu..."

Akamtoa mkono kwenye mausi, kwa upole, kama anavyomrekebisha mtu bega kabla ya kumpiga picha. Akarudisha juu mwenyewe. Midomo yake ikawa inatembea, anasoma neno kwa neno, jinsi anavyosoma mtu aliyejifunza karibuni. Akafika. Akaweka ukucha kwenye skrini.

Yule Kidevu niliyedhani namjua angeupita mstari ule bila kujua ni nini. Lakini alikuwa amesoma. Akavifuta vile vijistari, kimoja, kisha kingine. Akachagua binti wa kwanza kwenye orodha. Akabonyeza.

Mashine ikanguruma. Kadi ikatoka. Kidevu akaichukua na kumpa Matroni bila kuiangalia.

Binti amesimama. Anatabasamu.

Matroni akaiinua kwenye mwanga. "Hii ndiyo niliyoagiza. Kumbe ilikuwa nini?"

"Ilikuwa imeshatengenezwa," Kidevu akasema. "Mtu akaizima."

"Akaizima kwa bahati mbaya?"

"Hapana, mama. Hii haizimiki kwa bahati mbaya."

Shangazi alikuwa bado ameshika ufagio. Aliusimamisha ukutani polepole. Akaenda mlangoni, akageuza kile kibao, upande wa "Tumefunga" ukatazama barabarani. Akafunga na komeo. Kisha akavua viatu, na mara hii haikuwa furaha.

"Nani?" akauliza. "Siulizi mara mbili. Aliyefanya hivi hatalala kwangu leo, awe wangu wa tumboni, awe wa kaka yangu."

Kidevu alikuwa ananitazama mimi. Alinitazama vile nilivyokuwa nataka siku zote anitazame, macho yote mawili, kana kwamba chumbani hakuna mwingine. Alikuwa anasubiri.

Nikafungua mdomo. Mwenyezi Mungu ni shahidi, niliufungua.

"Ni mimi, mama," Digrii akasema.

Shangazi akamgeukia mwanawe. Matroni akaweka kadi mezani. Kidevu peke yake hakugeuka. Macho yake yalibaki palepale, usoni kwangu, na mdomo wangu ulikuwa bado wazi.